Bi Getruda Bonifasi na Mikono ya Korosho

Ijumaa ya tarehe 14 Novemba 2025, Bi Getruda Bonifasi, Mpimaji Mkuu wa Kituo chetu cha Uchunguzi wa Vilipuzi hapa Nachingwea, anatimiza umri wa miaka sitini na kustaafu kwa mujibu wa sheria, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Yote ameitumikia hapa hapa. Hakuhamishwa, hakuomba uhamisho, na kila aliyewahi kumshauri aombe kwenda Dar es Salaam aliangaliwa kwa jicho lile tunalolijua, mpaka mwenyewe akabadilisha mazungumzo.

Mkuu wa Kituo, Bwana Kipriani, ndiye aliyeniagiza kuandika wasifu huu kwa ajili ya kijitabu cha sherehe, na akasisitiza usizidi ukurasa mmoja. Nimemsikia. Lakini yeye ni Mngoni na mimi ni Mmwera, na amri ya mtani huwa tunaipokea kwa mikono miwili kisha tunaiweka pembeni. Isitoshe, Bi Getruda haenei kwenye ukurasa mmoja. Mkuu akitaka kufupisha afupishe mwenyewe, halafu ajibu kwa wageni.

Alizaliwa Mnero, katika familia ya wakulima ambayo babu zake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Baba yake alikuwa na mikorosho na mihogo, na alitaka binti awe muuguzi kama masista wa zahanati. Binti akapenda chupa kuliko wagonjwa. Alikwenda Dar es Salaam kusomea ufundi sanifu wa maabara, na mwaka 1991 akarudi Nachingwea na sanduku la bati, cheti, na kwa maneno yake mwenyewe, kiburi cha kutosha kijiji kizima.

Kituo alichokikuta kilikuwa vyumba viwili na Land Rover moja iliyozoea kusukumwa. Wilaya yetu ilikuwa na makambi ya wapigania uhuru enzi hizo za mapambano, na makambi yakiondoka huacha vitu. Mkulima akilima akagonga chuma asichokielewa, taarifa inakuja, na wapimaji wanakwenda kuangalia kama chuma hicho bado kina roho. Siku hizo upimaji ulikuwa wa matone. Unafuta chuma kwa pamba, unadondoshea dawa, unasubiri pamba ibadilike rangi. Dawa ile ilinuka vibaya na ilipaka vidole rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni wala kwa mchanga. Anasimulia kwamba mwaka wa kwanza alikwenda harusini Naipingo akiwa amevaa soksi za mikono kama bibi wa Kizungu, na mashangazi wa bwana harusi wakamwuliza kwa heshima zote kama ana ugonjwa wa ngozi.

Wazee wa kituo wanasema hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja, na kwamba alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa kupiga mluzi wakati wa kazi ya hatari. Mluzi ukikatika, kila mtu alisimama alipo. Hakuna aliyefundishwa utaratibu huo, lakini wote waliushika.

Mwaka 2009 vikaja vitambuzi vinavyong'aa, na hapo ndipo jina lake lilipoanza kujulikana mpaka nje ya wilaya. Kwa wageni wetu wa leo ambao hawajawahi kuviona, nieleze kidogo. Ni karatasi ndogo iliyopakwa utando mwembamba wa kemikali. Ukiimulika kwa taa ya zambarau, ile ambayo sehemu kubwa ya mwanga wake jicho letu haliioni, karatasi inang'aa kijani. Chembe za baruti zikiufikia utando, mng'ao unazimika. Chembe chache sana zinatosha, kiasi ambacho huwezi kukiona wala kukinusa. Vifaa vingine hulia vikiona hatari. Hiki hunyamaza, na mpimaji lazima ajifunze kuogopa ukimya wake.

Sisi tunaziita karatasi hizo vimulimuli. Jina hilo alilitoa yeye, na barua za serikali mpaka leo hazijalikubali.

Taa ile ya zambarau ilimletea Bi Getruda umaarufu ambao hakuuomba. Kulikuwa na ghala la ufuta Lionja ambalo tulitakiwa kulikagua kwa sababu fulani alihifadhi humo vyuma vya kuokota. Akaingia, akafunga mlango ili kupata giza, akawasha taa. Ukutani kukawa na nge, wengi, kila mmoja anang'aa kama ametiwa umeme, maana ndivyo ngozi ya nge ilivyo chini ya taa hiyo. Baruti hakuiona. Alitoka taratibu, akasema kwamba ghala ni salama kwa upande wake, ila upande wa wenyeji wa ghala wajiandae. Tangu siku hiyo akina mama wa Lionja walimletea maombi ya kuja kumulika vyumba vyao. Bi Fatu, mmoja wa wateja wake wa kudumu, alifika hata kituoni na kuku mkononi kuomba zamu yake isogezwe mbele, na alipoelezwa kwamba serikali haijanunua taa kwa ajili ya nge, akauliza serikali inalala wapi. Bi Getruda alikwenda. Kuku alirudi na mwenyewe.

Kulikuwa pia na vituko vya sabuni. Sabuni nyingi za unga zina kitu kinachong'aa chini ya taa ile, kwa hiyo mtu mwenye kanzu iliyofuliwa vizuri akisogea karibu alionekana amewaka kuanzia shingoni hadi miguuni. Mzee mmoja wa Naipingo alipoona hivyo alitaka kujua kama ni dalili njema. Bi Getruda alimjibu kwamba ni dalili ya mke mwema.

Huyo ndiye Getruda wa kucheka. Kulikuwa na mwingine, wa kazini, ambaye alikuwa na msemo mmoja aliousema kila aliposhika pamba: taa haina ndugu. Maana yake, taa haijui huyu mtoto wa nani, inasema ilichokiona. Alijivunia msemo huo na wakubwa waliupenda. Ulikuwa wa kweli pia, ila kwa nusu, na nusu iliyobaki ilitugharimu sana yeye na mimi. Bwana Kipriani ameniruhusu kuliandika jambo hili, na Bi Getruda mwenyewe alipoulizwa alisema kwamba wasifu usiokuwa nalo asisomewe yeye.

Ilikuwa msimu wa korosho wa mwaka 2012. Katika machimbo ya kokoto upande wa Ruangwa, machimbo ambayo sasa yamefungwa, vichocheo vya baruti vilipotea ghalani. Vichocheo ni vile vipande vidogo vinavyotumika kuiamsha baruti kubwa, na vikiwa mikononi mwa watu wabaya ni balaa. Kituo kikaombwa kusaidia. Jumatatu asubuhi Bi Getruda akafika na vimulimuli vyake, wafanyakazi wote tusiohusika na baruti tukapangwa mstari, na akatufuta mikono mmoja mmoja, pamba kwa mtu, kila pamba ikabandikwa juu ya karatasi yake. Mtu ambaye kazi yake si baruti hakupaswa kuwa na baruti mkononi. Karatasi zote ziling'aa kijani isipokuwa moja.

Iliyozimika ilikuwa yangu.

Nilikuwa kibarua wa kupasua na kupanga mawe, jina langu likiwa hili hili mnaloliona mwisho wa kijitabu, Mudrik Shaibu. Akanifuta tena. Ikazimika tena. Akaniuliza kwa sauti ya kazi tangu Jumamosi nimeshika nini. Nikamtajia: jembe, baiskeli, ugali, korosho. Wenzangu wote wa mstari ule walikuwa watu wa mbali waliolala kambini, lakini kwetu ni jirani na machimbo, na Jumapili nzima nilikuwa uani namsaidia mama yangu kubangua. Akauliza kuhusu mbolea, nikasema sina. Akauliza kuhusu viberiti na fataki, nikasema hapana. Korosho hakuiuliza. Nami sikuirudia, kwa sababu huku kwetu korosho wakati wa msimu si kitu cha kutaja, ni sawa na kusema umeshika maji. Yeye ni mtoto wa mkulima wa korosho wa Mnero. Mgeni kutoka mkoa mwingine labda angeuliza korosho ni nini. Sisi wawili tulilelewa ndani yake, hatukuiona.

Akaandika alichokiona. Taa haina ndugu. Mchana wake nikawa mahabusu.

Sitaeleza sana ya ndani, maana hii ni sherehe. Yaliyonitesa zaidi yalikuwa ya nje. Mama yangu, Mwantumu, aliishi kwa korosho. Alikaanga kwenye bati, akabangua kwa jiwe, akafunga kwenye vifuko na kuuza pale magari yanaposimama Ruangwa. Habari ilipofika kijijini kwamba mwanawe ameiba baruti, wateja wakamkwepa. Majirani wakaanza kusema kwamba mzigo umefichwa kwake, chini ya kitanda, na siku moja nyumba itaruka. Watoto wakakatazwa kupita uani. Mwanamke aliyeshona naye kanga za sare alizunguka kwa njia ya nyuma ili asimsalimie. Mama akaacha kutoka. Alinieleza baadaye kwamba njaa aliizoea, lakini hakujua kwamba mtu anaweza kusikia uchungu kwa sababu watoto wa wenzake hawapigi kelele mlangoni kwake.

Bi Getruda hakuyajua hayo. Alikuwa amerudi Nachingwea na kazi imekwisha. Jumapili iliyofuata alikwenda Mnero kumsalimia shangazi yake Albina, akamkuta uani na bati la korosho, naye akakaa kumsaidia wakipiga soga za ukoo. Jumatatu, kazini, akafungua pakiti mpya ya vimulimuli. Alikuwa na kawaida ya kujaribu kila pakiti kwa mkono wake mwenyewe, kwa vile mkono wa mpimaji ni safi na karatasi nzima lazima ing'ae. Akajifuta, akabandika, akawasha taa. Karatasi ikazimika.

Akadhani pakiti ni mbovu. Akafungua nyingine, hivyo hivyo. Akanawa kwa sabuni akarudia, hivyo hivyo. Hakuwa ameisogelea baruti wiki nzima. Wafanyakazi waliokuwa chumba cha pili wanasema mluzi ulikatika, wakasimama walipo kama desturi, wakangoja mlipuko ambao haukuja. Walipochungulia walimkuta ameketi anatazama vidole vyake, vile vidole vyenye weusi wa mafuta ya ganda la korosho ambao kila mtu wa kusini anao mwezi wa kumi na moja.

Sasa hapa nataka tuelewane. Hakuna mwingine aliyeona alichokiona chini ya ile taa. Angeweza kutupa karatasi zile kwenye pipa, akanyamaza, na mimi ningefungwa, na leo tungekuwa tunamwandikia wasifu ule wa ukurasa mmoja. Aliinuka akaenda kwa Bwana Kipriani na kumweleza kwamba amemfungisha mtu kwa sababu ya korosho.

Bwana Kipriani, na anasema niandike kama ilivyokuwa, aliogopa. Kituo kilikuwa kimejenga jina kwa vimulimuli. Akamwambia kwamba wakisema hadharani kuwa karatasi imedanganywa na korosho, nani atawaamini tena katika wilaya ambazo kila mtu ana korosho mkononi? Alitaka wapeleke taarifa ya kimyakimya, ya ndani, polepole. Bi Getruda akamjibu kwamba yeye hakumtaja yule kijana kimyakimya, alimtaja mbele ya mstari mzima wa watu. Akaomba gari. Gari lilikuwa na kazi nyingine, au lilisemekana lina kazi nyingine. Akachukua bodaboda, sanduku la vifaa amelipakata, vumbi lote la njia ya Ruangwa akalimeza.

Alianzia nilikoshikiliwa. Alipima mkono wake mbele ya wahusika, akawapa korosho washike nao, akawapima wao. Hapo zilibaki taratibu za kuniachia, ambazo niliambiwa zingeendelea mpaka jioni ya siku ya pili. Kisha akaenda machimboni akasema yale yale. Na hapo ndipo kazi ya ofisi ilipoishia. Hakuna kanuni, hakuna mkubwa aliyemwagiza kwenda hatua moja zaidi ya hapo.

Kesho yake alikwenda kwa mama yangu.

Niliachiwa mapema kuliko nilivyoambiwa, kwa hiyo nilifika nyumbani watu wamejaa uani, nikasimama nyuma yao bila kuonekana. Mama alikuwa kwenye mkeka na jiwe lake. Inasemekana Bi Getruda alipofika na kujitaja, mama hakuitikia salamu. Kwa mwanamke wa Kimwera wa rika lake, kutoitikia salamu ya mgeni ni kitu kizito, watu wanakikumbuka mpaka leo. Alimsogezea kigoda tu, na jiwe, na rundo la korosho zilizokaangwa. Akaendelea kubangua.

Bi Getruda akakaa. Kila anayebangua huku hupaka majivu mikononi kwanza, kwa sababu mafuta ya ganda yanaunguza, yanachubua ngozi kama maji ya moto. Bakuli la majivu lilikuwepo kati yao. Hakuligusa. Majivu yangezuia mafuta yasiingie vizuri na kipimo kisingekuwa wazi. Akabangua mikono mitupu, korosho baada ya korosho, majirani wakijikusanya mmoja mmoja, kwanza kwa mbali kwa sababu ya ile baruti ya chini ya kitanda, halafu karibu. Mpaka rundo lilipopungua vidole vyake vilikuwa vyeusi na kiganja kimeanza kuvimba.

Ndipo akajifuta kwa pamba, akabandika karatasi, na kwa kuwa kulikuwa mchana wa jua kali, akaomba kanga ya mama kufunika taa ipate giza. Akawaita majirani wapenyeze vichwa chini ya kanga wajionee. Mtu mmoja mmoja akainama, akatazama, akatoka akikuna kichwa. Halafu akasema kila anayetaka apimwe yeye. Yule mshona kanga akanyoosha mkono wa kwanza, na karatasi yake ikazimika. Ya mwenyekiti wa kitongoji ikazimika. Ya bibi wa nyumba ya pili, ambaye hawezi hata kuwasha moto bila kusaidiwa, ikazimika kuliko zote. Kijiji kizima kilikuwa kimeiba baruti. Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia tena, na katikati ya kicheko Bi Getruda akasimama akasema kwa sauti ambayo aliyekuwa barabarani aliisikia, kwamba yeye Getruda Bonifasi ndiye aliyekosea, kwamba Mudrik mwana wa Mwantumu hakushika baruti wala hakuiba kitu, na kwamba aliyesema vingine alisema kwa sababu yake.

Mama alinyanyuka akaingia ndani. Watu hawakujua anakwenda kuchukua nini. Akatoka na ndoo ya maji na kichupa cha mafuta ya nazi, akamshika Bi Getruda mikono, akamnawisha.

Vichocheo, kwa wanaotaka kujua, vilipatikana. Msimamizi mmoja alivihamishia kwenye shimo la juu, akaenda likizo bila kumwambia mtu, na hakuna aliyefikiria kumpigia simu.

Mimi nilitoka na hasira ambayo sikujua pa kuiweka. Baada ya msimu Bi Getruda alirudi, mikono yake bado ina mabaka, akaniambia kituo kinahitaji mtu wa kutafuta kila kitu kingine kinachoweza kuisingizia taa, na kwamba anataka mtu ambaye hatachoka kutafuta. Nilimwambia nitafikiria, nikimaanisha hapana. Mama ndiye aliyeniambia niende. Alisema katika maisha yake wamemkosea wengi, serikali, wanunuzi, hata wa ukoo, na ni mmoja tu aliyekuja akakaa kwenye kigoda chake.

Basi tukaanza. Hiyo ndiyo miaka ninayoikumbuka kwa upendo, na nikiiandika sasa nasikia harufu ya kile chumba. Kila soko la Nachingwea na Ruangwa tulilizunguka tukinunua vitu vidogo vidogo na kuvipima: salfa ya kupulizia mikorosho, tumbaku ya kunusa, hina, dagaa, mafuta ya ufuta, pombe ya uraka, dawa za mitishamba zisizo na jina. Wauzaji walituona kama watu walioishiwa akili. Bi Getruda aliita kazi hiyo kuwatafuta wasingiziaji, na kila tulipompata mmoja alifurahi kama amepata mahari. Tukagundua kwamba mafuta ya korosho huzima karatasi pale tu yanapoigusa, na haiwaki tena kamwe. Baruti hupanda kama mvuke. Ukiipasha pamba joto kidogo na kuishika karatasi juu yake bila kugusana, korosho inanyamaza na baruti inajitaja. Tena karatasi iliyozimwa na baruti ikipata hewa safi inarudi kung'aa taratibu. Siku tulipohakikisha hilo alinunua soda kwa kituo kizima, mlinzi na mkewe wakiwemo. Leo ndiyo njia yetu ya kazi, na wageni wa kutoka mbali huja kujifunza.

Njia hiyo ndiyo iliyomwokoa mzee Saturnini, mhunzi wa Naipingo. Alikuwa amenunua vyuma chakavu apate vya kufulia majembe, na katika lile lundo kulikuwa na kimoja kizito, kimejaa kutu, ambacho alikuwa ameshakisogeza karibu na mivuo ya kuchochea moto. Jirani akatupigia. Mikono ya Saturnini ilijaa korosho, masizi na mafuta ya gari, na kwa kipimo cha zamani tungezunguka siku nzima tusijue lipi ni lipi. Kwa kipimo kipya, karatasi iliyoshikwa juu ya pamba ya kile chuma kimoja ilizimika yote. Mluzi ukakatika. Tulimtoa Saturnini taratibu, naye akilalamika njia nzima kwamba moto wake unapoa. Wataalamu wa kulipua walipokiteketeza porini, kishindo kilisikika mpaka sokoni, na Saturnini hakulalamika tena kuhusu moto.

Ule msemo wa taa haina ndugu hajausema tangu mwaka 2012. Badala yake, kila tunapokwenda kupima watu, anaanza kwa kujipima yeye mbele yao, halafu kila pamba inayozima karatasi anairudia kwa njia ya pili, na mtu haulizwi kitu kabla hajapewa kiti. Vijana wanaoanza kazi huona anapoteza muda. Wakikaa mwaka mmoja hawaoni hivyo tena.

Mama yangu alifariki mwaka juzi. Wanaomjua Bi Getruda hawatashangaa kusikia kwamba alikuja Ruangwa kabla hata ya baadhi ya ndugu zetu, akakaa mkekani na wanawake mpaka arobaini ilipopita akija na kurudi, na kwamba majirani wale wale walimpisha nafasi ya karibu na mlango bila kuambiwa.

Jumatatu ya wiki hii tulikuwa tunakabidhiana ghala la kituo, lenye kemikali na sampuli za baruti. Ni yeye aliyependekeza nishike nafasi yake, na ghala hilo huwezi kulishika bila mtu wa juu yako kukudhamini kwa tabia. Amenidhamini. Alinipa funguo, akageuka kupanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa, na bila kunitazama akaniuliza kama nilishawahi kumsamehe. Miaka yote hiyo tumekula pamoja, tumezika pamoja, na neno hilo halikuwahi kutajwa kati yetu. Kumbe alikuwa akilibeba. Ilinishika ghafla, nikafanya mzaha, nikasema msamaha wa mtumishi lazima upitie kwa Mkuu wa Kituo. Alicheka, nami nikacheka, tukafunga ghala. Nilipofika nyumbani sikuweza kula.

Kwa hiyo ndugu wafanyakazi, wageni waalikwa, na nyumba yote ya marehemu Bonifasi wa Mnero: kituo kinamshukuru Bi Getruda kwa mikono yake, kwa macho yake, na kwa watu wengi wa Nachingwea na Ruangwa wanaolima leo bila kujua ni nani aliyepita kabla yao. Mama, Mungu akupe afya njema na usingizi mrefu. Mihogo yako ikubali, shangazi Albina akuone mpaka umchoke, na akina mama wa Lionja wakikufuata na kuku kwa ajili ya nge, safari hii mpokee.

Na lile swali la Jumatatu nalijibu hapa, mbele ya watu, kama ulivyonisemea mimi mbele ya watu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya majirani. Nililiona bakuli la majivu, na niliona hukuligusa. Nilikusamehe siku ile ile, Mama, kabla hujanawa mikono.

Mudrik Shaibu, kwa niaba ya wafanyakazi wote